Nishani ya Bruda Kolumba

Murshid alikuwa katikati ya sahani ya pilau, na pilau yenyewe ya kununuliwa, alipomwona aliyemnunulia ameacha kutafuna na anakodolea macho funguo za watu.

Mahali ni Sanyuanli, mjini Guangzhou, ghorofa ya pili juu ya ofisi za mizigo, kwa Bimkubwa. Bimkubwa ni Mzanzibari anayewapikia Watanzania waliokuja China kununua bidhaa, na ulimi wake una pilipili kuliko achari yake. Aliyenunua pilau ni mzungu mmoja anaitwa Fintan, Mwairishi, kaja kuagiza kofia za kijani na bendera za kuuza kwenye mabaa ya kwao. Murshid alikuwa ejenti wake. Sasa, neno ejenti katika mji ule lina watu wa namna tatu ndani yake: anayejua bidhaa zilipo, anayemjua anayejua, na asiyejua kitu ila ana shati safi. Murshid alikuwa wa namna ya tatu, na shati lilikuwa la kuazima.

"Usigeuke," Fintan alinong'ona kwa Kiingereza. "Yule mama anafungulia soda na nini?"

Murshid akageuka palepale. Meza ya pili alikaa Odilia, mama wa Rombo, mnunuzi wa jinzi, mwanamke wa kauli fupi ambaye kila mwaka hujaza kontena zima kule Xintang na kulipeleka Dar. Mkononi alikuwa na funguo zake, na katikati ya funguo lilining'inia duara la shaba lililochakaa, limefungwa kwa kipande cha jinzi. Alikuwa ameuingiza ukingo wake chini ya kifuniko cha chupa. Akabinya, kifuniko kikaruka, akaanza kunywa.

Fintan akafumba macho kama mtu aliyechomwa sindano.

"Ile ni nishani," akasema. "Nishani ya vita vya uhuru wa nchi yangu. Unaona askari amesimama na bunduki? Unaona ngao nne? Ni mikoa minne ya Ireland. Na kile kijiti cha shaba juu yake, Murshid, kile walipewa wale tu walioshika silaha wenyewe."

Akaeleza, na pilau ikapoa. Kwao alikuwa na chumba kizima cha makabati ya vioo. Alikuwa na vifungo vya sare za wapiganaji, kofia iliyoliwa na nondo, barua ya mfungwa kwa mama yake, hata tofali moja lililoungua, lenye taa yake. Alikuwa mwanachama wa jumuiya ya wakusanyaji, watu wazima wenye tai, ambao hukutana kuoneshana vitu hivyo na kuoneana wivu. Nishani ya namna ile, yenye kijiti, hakuwa nayo. Aliwasimulia vijana wale wa zamani, maskini watupu, walivyojificha mabondeni wakipigana na dola kubwa iliyokuja kuchukua kisichokuwa chake. Machozi yakamlenga. Kisha, machozi yakiwa bado palepale, akasema:

"Usimwambie thamani yake."

Mtazame vizuri mtu huyu. Anawalilia waliokufa wakimkataa mporaji, na bado hajajifuta machozi anataka kumpora mama wa Rombo. Ukiwauliza watu wa aina hii, watakwambia wanahifadhi historia. Wanaihifadhi kweli, kama paka anavyohifadhi samaki.

Fintan akataja bei. Murshid akameza punje nzima ya pilipili manga na hakuisikia.

"Niachie mimi," alisema. "Ukimfuata wewe mzungu, atajua ni mali. Mimi ni ndugu yake. Kwetu sisi mambo huenda kindugu."

Tumtendee haki Murshid, maana hata tapeli ana jambo moja linalomuuma. Yeye alikuwa na Hasna. Hasna ni binti yake wa pekee, yuko Temeke, na baada ya Maulidi alikuwa anaolewa. Alipoanza shule baba yake alimwahidi baiskeli kutoka China. Alipomaliza alimwahidi cherehani. Baiskeli bado inakuja mpaka leo, na cherehani iko nyuma yake. Safari hii Murshid alikuwa ameahidi mbele ya ukoo wote, kwa simu, kwa sauti ya kishua: kitanda cha futi sita kwa sita, kabati la milango minne na sofa seti nzima.

Na siku ya kupeleka vyombo si siku ya kificho. Wanawake hubeba kila kitu kwa nyimbo na vigelegele mpaka kwa bwana harusi, na somo, yaani kungwi wa bibi harusi, hushika kipaza sauti akitaja mbele ya mtaa mzima nani katoa nini. Godoro la shangazi hutajwa. Sufuria za jirani hutajwa. Murshid alitaka jina lake litajwe pale mara moja tu katika maisha yake, halafu wamwite tapeli watakavyo. Wiki ile Hasna alikuwa amemtumia ujumbe: "Baba, kama haiwezekani, sema tu, wala sitakasirika. Mama mkwe amesema atanunua yeye." Angetukana ingekuwa nafuu. Alisema kwa upole, na Murshid usiku ule hakulala vizuri.

Basi asubuhi akamfuata Odilia ofisini kwa wakala wa mizigo, akamkuta anahesabu marobota.

"Dada Odilia, shikamoo ya biashara."

"Hakuna shikamoo ya namna hiyo. Unataka nini, Baba Hasna?"

"Nataka nini mimi? Nimekuja kukuletea neema. Nimesikia parokia yenu ina jubilei."

"Umesikia wapi?"

"Mambo mema yana miguu," alisema Murshid, aliyesikia kwa Bimkubwa akiwa anapakuliwa ukoko. "Sasa nikafikiri, akina mama wa parokia watavaa nini? Kitenge kila mtu anavaa. Lakini kila mama akivaa kifuani nishani kama hiyo yako, dada yangu, si askofu mwenyewe atasimama kuuliza?"

Odilia akaacha kuhesabu. Akaitazama ile shaba kwenye funguo.

"Hii ni ya Bruda Kolumba," alisema. "Alikuwa Mwairishi, fundi seremala wa misheni kwetu. Babu yangu alikuwa anamshikia msumeno. Bruda alikuwa na mguu mmoja mbovu, wanasema ulipigwa risasi ujanani huko kwao, ila yeye mwenyewe hakupenda kusimulia. Nishani ililetwa kwa posta amekwishazeeka, na hakuivaa hata siku moja. Alipougua babu alimuuguza mpaka mwisho, ndipo akampa. Alimwambia, hii ni ya mtu aliyekataa kuonewa, basi kaa nayo."

"Maneno mazito hayo," alisema Murshid. "Ungeuza?"

"Haiuzwi."

"Nauliza tu. Mtu haruhusiwi kuuliza? Mimi nataka uniazime tu kama sampuli. Naipeleka kiwandani, wananakili, yako inarudi. Wallahi dada, inarudi hiihii."

"Usimwapie Mungu kwa kitu changu. Irudishe tu."

Akaitoa kwenye funguo, akaifuta kwa kanga, akampa. Murshid aliteremka ngazi akijizuia kukimbia. Mpango ulikuwa mwepesi kuliko kumenya ndizi: kiwanda kinatengeneza nakala moja, nakala anapewa Odilia, ya asili anapewa Fintan, na Odilia anaendelea kufungulia soda maisha yake yote bila kujua. Ni dhambi hiyo? Murshid alijiuliza swali hilo kwenye treni ya chini ya ardhi, akajijibu kwamba asiyejua kaibiwa hajaibiwa. Elimu ya namna hii haifundishwi shule yoyote, mtu huzaliwa nayo.

Hakutaka kwenda kwa mafundi wa nishani waliopo mjini, maana wengi wao walikuwa wanamtafuta kwa mambo mengine. Akapanda mpaka Xintang, mji wa jinzi, akatafuta karakana yoyote inayopiga chapa shaba, akaingia kwa bosi mmoja anaitwa Lin. Bosi Lin anatengeneza vifungo vya suruali. Ukutani pametundikwa ubao mkubwa wenye vifungo vya wateja wake, kila mteja na safu yake na jina lake juu. Murshid hakuusoma. Mtu mwerevu hasomi vya ukutani.

"Laoban," alisema, maana ndivyo wanavyoitwa mabosi wote huko, wa kiwanda na wa genge la nyanya. "Nataka nakala moja. Izeeke kama hii hii."

"Moja? Meiyou," alisema Lin, yaani hakuna. Hakuna bosi Guangzhou nzima anayewasha mashine kwa ajili ya kitu kimoja.

"Moja ni sampuli, rafiki yangu. Mkuu wa kanisa akiipenda, anaagiza elfu kumi."

Uongo huo ni mkongwe kuliko mashine za Lin. Kila ejenti mwenye njaa huusema, na kila bosi amekwishausikia. Mabosi nao wana dawa yake: wakiletewa kitu kipya hukipiga picha na kukirusha WeChat kwa wateja wao wote, wajue kama yupo mtu wa kweli anayekitaka kabla hawajapoteza shaba. Lin akaiweka nishani juu ya kitambaa chekundu, akaipiga picha mbele, akaigeuza akaipiga nyuma.

"Nipe WeChat yako nikutumie," alisema.

"Simu yangu mbovu," alisema Murshid, na simu ikiwa inalia mfukoni. Alikuwa hampi bosi yeyote WeChat yake. Ndiyo siri ya kuishi mjini miaka yote ile bila kukamatwa, na alijivunia siri hiyo. Wahenga walisema akili nyingi huondoa maarifa. Yeye msemo huo alidhani unawahusu wasomi.

Aliporudi baada ya siku chache, Lin alimkabidhi nishani mbili ndani ya karatasi, akitabasamu kwa meno yote.

"Hii ya zamani, hii mpya," alisema.

Murshid alizigeuza, akazinusa, akaziuma. Zote zilikuwa na weusi wa uzee kwenye mikunjo, zote zimebonyea ukingoni palepale kwenye alama ya soda. Mpya labda ilikuwa nyepesi kidogo. Alitaka kumkumbatia yule mtu. Akaitia ya zamani mfuko wa shati, mpya mfuko wa suruali, akaondoka akiahidi zile elfu kumi kwa mara ya pili.

Odilia akapewa ya mfuko wa suruali. Alikuwa anakunywa chai kwa Bimkubwa. Aliipokea, akaipima uzito kiganjani, akaidondosha ndani ya mkoba.

"Asante, Baba Hasna," alisema. "Umehangaika."

"Si kitu, dada. Bosi anapiga mahesabu ya jubilei."

"Apige tu taratibu."

Fintan akapelekewa ya mfuko wa shati, hotelini kwake. Alikuwa amefunga pazia, amevaa glovu nyeupe, na jichoni amebana kioo cha kukuzia. Aliitazama muda mrefu, na Murshid akajifanya anaangalia televisheni. Fintan akautazama uso wa yule askari, akatazama ngao moja moja, akalamba midomo. Alipofika ukingoni pale palipobonyea, akasogeza taa.

"Unajua hii ni nini?" aliuliza kwa sauti ya kanisani.

Murshid, ambaye alikuwa ameona kwa macho yake soda iliyofunguliwa pale, alisema hajui.

"Benchi la kanisa. Mtu huyu alikuwa akipiga magoti kila siku, na nishani inagonga benchi. Miaka na miaka ya sala, Murshid. Kitu hiki hakiigiki. Wachina wanaweza kuiga simu, wanaweza kuiga viatu, lakini sala hawawezi."

"Hawawezi," alisema Murshid.

Utaona ajabu gani zaidi ya hii? Mtu yuleyule aliiona chupa, akakiona kifuniko kikiruka, akafumba macho. Lakini mtu anayetaka sana kuamini huwa anajitapeli mwenyewe, na ejenti anashika mlango tu. Fintan alilipa bila kupunguza hata senti, na Murshid alipotoka hotelini alikuwa na furaha ya mtu aliyezaliwa upya.

Na hapa lazima nimsifu, ingawa inaniuma. Fedha ile hakuila. Hakununua hata shati la kwake. Alikwenda Foshan kwenye maduka ya samani, akabishana na wauzaji mpaka jasho likamtoka, akachagua kitanda chenye kichwa cha vitufe vya dhahabu, kabati la milango minne lenye kioo, na sofa nyekundu za kuzama mpaka kiunoni. Alilala juu ya kile kitanda pale dukani, viatu vikiwa nje, akatazama dari na kuwaza kipaza sauti cha Temeke. Kwenye kila boksi aliandika HASNA kwa rangi nyeusi, herufi kubwa kama za kampeni.

Ilibaki njia ya kuvifikisha. Odilia alikuwa anafunga kontena lake lile juma, na kontena likiwa la kuchangia, karatasi zote hutoka kwa jina la mtu mmoja. Wengine huweka mizigo yao humo kwa kuaminiana na kwenda kuichukua Dar. Ndivyo watu wetu wanavyosafirisha. Murshid hakumwamini mtu yeyote duniani, lakini alimwamini Odilia, kwa sababu alikuwa amekwishamwibia na mama yule hakushtuka.

"Dada, una kanafasi?"

"Kapo. Ni nini?"

"Samani za Hasna. Kitanda, kabati na sofa."

Odilia alimtazama toka kichwani mpaka kwenye viatu.

"Umefanya vizuri," alisema. "Mtoto akiolewa lazima aone mkono wa mzazi. Weka."

"Na nauli?"

"Tutamalizana Dar. Nakwenda mwenyewe kupokea mzigo."

Murshid alikenua. Hata nauli alikuwa amekopeshwa na mama yuleyule ambaye yeye alikuwa amemwibia. Kontena likapakiwa, likafungwa, likaenda Huangpu bandarini, na jina lililoandikwa kwenye karatasi lilikuwa la Odilia peke yake.

Siku Fintan alipokuja kumuaga, walikula tena kwa Bimkubwa. Odilia alikuwa meza yake ileile. Kwenye funguo zake ilining'inia nishani, na kipande kile cha jinzi kimefungwa upya. Fintan aliiona, akamkanyaga Murshid mguu chini ya meza.

"Ndiyo hiyo nakala?"

"Ndiyo."

Fintan akaagiza soda. Bimkubwa akaileta na hakuleta kifungulio. Odilia, ambaye Kiingereza chake ni cha bei na rangi tu, aliona mgeni anahangaika, akanyoosha mkono, akachukua chupa, akaifungua kwa nishani ya Bruda Kolumba na kumrudishia. Mzungu alishukuru. Kisha akamwinamia Murshid akicheka kwa pua.

"Inachekesha ukishaijua ya kweli," alisema. "Tazama ule uso, hauna roho. Tazama ukingo, unaona kabisa ni mashine. Mtoto mdogo hadanganyiki na kitu kile."

"Anasemaje?" Odilia aliuliza.

"Anasema ni nzuri," alisema Murshid.

"Mwambie karibu tena."

Meli ikafika Dar, na Odilia alikuwa amekwishatangulia kwa ndege. Maulidi yakapita. Siku yenyewe ya kupeleka vyombo, Murshid alifika kwa Bimkubwa mapema, amevaa kanzu na kofia ya kito, akakaa meza ya katikati ambayo kwa kawaida aliikwepa kwa sababu inaonekana kutoka mlangoni. Asubuhi ile Fintan naye alikuwa ametuma picha kutoka kwao: kabati la kioo, taa ya peke yake, na nishani inang'aa katikati, wazee wenye tai wameizunguka wanapiga makofi. Murshid alimuonesha kila aliyeingia, akisema ni washirika wake wa Ulaya.

"Leo mtanisikia," aliwaambia watu. "Leo mwanangu anapelekewa vyombo. Kitanda sita kwa sita, Bimkubwa."

"Hiyo baiskeli ishafika?" aliuliza Bimkubwa akipanga vikombe.

"Acha maneno ya zamani, mama. Leo ni sofa."

Simu ikalia. Ujumbe wa sauti kutoka kwa Hasna, tena si mmoja, umefuatana na mingine. Mgahawa ulikuwa umejaa watu wa Dar na wa Zanzibar, na Murshid akafanya kile ambacho kila mtu wa pale hufanya akitaka wenzake wajue kwamba ana watu nyumbani: akaweka spika, akaongeza sauti mpaka mwisho, akailaza simu juu ya meza. Ngoma na vigelegele vikajaa chumba kizima. Watu wakaacha kula.

"Baba, asalaam alaikum," ilisema sauti ya Hasna, inahema kwa furaha. "Baba, sijui nianzie wapi. Vyombo vimekuja, gari zima. Kitanda kina dhahabu, kabati lina kioo, sofa nyekundu, watu wote wamesimama barabarani. Mama mkwe anajitazama kwenye kioo."

Murshid alifumba macho. Safari hii hakuwa anaigiza.

"Mama Odilia kaleta mwenyewe," sauti ikaendelea. "Baba, hukuniambia una rafiki kama huyu. Somo katangaza kwenye kipaza sauti: kitanda, kabati na sofa, zawadi ya Mama Odilia wa Rombo, hata jina langu kaandika kwenye maboksi. Nimelia, baba. Mtu ambaye hanijui wala simjui."

Murshid akafumbua macho. Akanyoosha mkono kwenye simu, lakini ujumbe wa pili ulikuwa umekwishaanza wenyewe, na Bimkubwa alikuwa ameiweka simu upande wake.

"Hebu tumsikie mtoto," alisema Bimkubwa.

"Basi mama mkwe akauliza kwa sauti, na baba yake je, katoa nini? Baba, nilitamani ardhi inimeze. Ndipo Mama Odilia akasema ngojeni, baba yake hakumsahau. Akatoa kwenye mkoba, akanivalisha mwenyewe kifuani. Kasema wewe ulihangaika mpaka kiwandani kuitengenezesha. Somo katangaza: nishani moja ya shaba, kutoka kwa baba yake, China. Watu wamepiga vigelegele, baba. Wewe usijali kabisa. Ni ndogo lakini umekumbuka."

Mtu mmoja nyuma alikohoa kwenye kikombe chake. Simu ikatetemeka, na safari hii ilikuwa ni maandishi, yakiwa na picha juu yake. Murshid aliinyakua. Picha ilikuwa ni tangazo la WeChat: nishani ya Bruda Kolumba juu ya kitambaa chekundu, na chini yake maneno ya Bosi Lin kwamba bidhaa mpya imefika, bei ya kiwandani. Chini ya picha Odilia alikuwa ameandika:

"Baba Hasna, Bosi Lin ananitengenezea vifungo vya jinzi tangu mwanangu Ernest yuko chekechea. Alipoirusha hii kwa wateja wake niliiona kabla chai yangu haijapoa. Nilikwenda siku hiyohiyo nikachukua yangu, nikamwambia akupe vifungo viwili vilivyopigwa chapa ya nishani. Kimoja ulimpa mzungu, maana macho yake kwenye funguo zangu niliyaona tangu siku ya soda, cha pili ulinipa mimi, nami nimekirudisha kwenu. Samani zimenunuliwa kwa jina la Bruda wetu, kwa hiyo nimezipeleka kwa jina langu. Mtoto hana kosa, alale vizuri. Nauli ya kontena nimekusamehe."

Alisoma mara mbili. Angesema nini? Kwamba samani zile ni zake? Angeulizwa alizinunua kwa fedha gani, na jibu lilikuwa kwenye kabati la kioo Ireland, lina taa yake, na mwenye kabati bado ana namba ya simu ya Murshid. Kwa mara ya kwanza maishani Murshid alikuwa ametimiza ahadi, na hakuwa na mtu mmoja wa kumwambia. Mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani. Alimtafuta mjinga wa hadithi ile kichwani mwake, akamwona anatazamwa na mgahawa mzima, kavaa kanzu na kofia ya kito.

Bimkubwa akamsogezea kikombe cha chai. "Kunywa," alisema, na hakucheka, jambo lililomuumiza Murshid zaidi.

Ujumbe wa mwisho wa Hasna ulikuwa bado. Aliusahau. Ukaanza wenyewe, spika bado iko wazi, ngoma zimetulia kidogo kule Temeke.

"Baba, kitu kimoja tu," alisema Hasna. "Mama mkwe kaigeuza geuza ile nishani. Kasema hivi vitu hawapewi watu hivi hivi, hupewa mtu aliyepigana. Anaomba nikuulize. Nami nimeona aibu sikujua nimjibu nini, maana hujawahi kunisimulia. Baba, wewe ulipigana vita gani?"